Upande Bapa wa Transista

Nilirudi Dodoma kutoka chuo kikuu nikiwa siamini kitu. Sikuamini kwamba serikali ikiachia biashara bei zitajipanga zenyewe, kama walimu wetu walivyoanza kutuambia ghafla, wala sikuamini yale waliyokuwa wakituambia kabla ya hapo. Nyumbani nilimuuliza baba kwa nini lazima chakula cha jioni kisubiri taarifa ya habari imalizike. Akanijibu nikatafute kazi.

Kazi niliipata kwa mzee mmoja aliyekuwa fundi wa mitambo ya redio serikalini. Alikuwa amepunguzwa kazini pamoja na wengine wengi, akakodi vyumba viwili nyuma ya duka la magodoro, akawa anatengeneza vifaa vya kulinda friji umeme unapopanda na kushuka, chaja za betri za gari, na vipaza sauti vya makanisa na misikiti. Ujanani mwake alisomea Ujerumani Mashariki, nchi ambayo wakati huo haikuwepo tena. Jambo hilo lilinisumbua mimi kuliko lilivyomsumbua yeye.

"Nchi imekufa, hesabu zake zipo," alikuwa akisema, halafu anafungua kitabu kinene cha vipimo vya vipuri alichorudi nacho kutoka huko. Kitabu kikishafunguliwa, ubishi umekwisha. Kilikuwa na jibu la kila kipuri, na mzee alikigusa kwa mikono iliyonawa.

Kazi yangu ilikuwa nyayo. Kila kipuri kinachowekwa kwenye bodi ya umeme kina miguu, na miguu inahitaji matundu. Matundu yakae wapi, yaachane kwa kiasi gani, kipuri kielekee wapi, kichukue nafasi kiasi gani bila kumkanyaga jirani yake: hayo yote kwa pamoja tuliyaita unyayo. Mchoro wa saketi unaweza kuwa sahihi kabisa, lakini ukikosea unyayo kipuri hakikai, au kinakaa vibaya, na bodi nzima inakuwa kipande cha takataka.

Kompyuta hatukuwa nayo. Tulikuwa na karatasi za grafu, sindano, rangi ya kucha, na filamu kuukuu za eksirei ambazo mzee alipewa na watu waliokwishapona. Kwa kila aina ya kipuri nilikata kipande cha filamu, nikatoboa matundu yake kwa sindano na kukata umbo lake pembeni. Ukitaka kutengeneza bodi unalaza filamu juu ya bati la shaba, unachoma alama, unazungushia rangi ya kucha, unaunganisha njia kwa ncha ya kijiti cha kiberiti, kisha unatumbukiza bati kwenye beseni la dawa inayokula shaba. Palipopakwa rangi panabaki. Kwa hiyo nyayo zangu zote zilikuwa zimetobolewa juu ya mbavu na magoti ya watu nisiowajua.

Rangi ya kucha niliitafuta sokoni mwenyewe.

"Kaka, ya mchumba?" aliniuliza dada muuzaji.

"Ya bodi."

"Huyo Bodi ana bahati. Kila wiki nyekundu."

Unyayo wa transista ulikuwa rahisi kuliko zote. Transista ile ya kawaida ni ndogo kama punje ya hindi, ina miguu mitatu iliyojipanga mstari mmoja, upande mmoja wa mviringo na upande mwingine bapa. Ule upande bapa ndio unaokuambia nani ni nani. Mzee alinionyesha kitabuni: ukiuelekeza upande bapa kwako, miguu ikitazama chini, mguu wa kushoto ni huu, wa kati huu, wa kulia huu.

"Nani aliamua iwe hivyo?" nikamuuliza.

"Waliotengeneza."

"Na wengine wakitengeneza, wanalazimika kufuata?"

"Kata filamu, kijana."

Nikakata. Matundu matatu na nusu duara, juu ya kipande cha bega la mtu.

Mama mmoja alikuja kwetu baridi ya Dodoma ilipokuwa imeanza kuuma, ule wakati upepo unapita hata ndani ya sweta. Alikuwa mtu wa Kondoa anayeishi Mkonze, pembeni mwa mji. Alikuwa ameajiriwa mpiga chapa katika shirika moja la umma, na shirika lilipouzwa akarudishwa nyumbani. Alitusalimia vizuri, akakataa kiti, akaeleza anachotaka kama mtu anayesomea wengine barua.

Alikuwa na sanduku kubwa la mbao, kazi ya seremala wa mtaani, la kutotolesha vifaranga. Joto lilitoka kwenye taa zilizofungwa ndani. Alitaka kifaa cha kuwasha taa joto likipungua na kuzizima likitosha, kwa sababu mtu hawezi kukaa macho mchana na usiku akichungulia kipimajoto.

"Kiinua mgongo nilipewa kimoja tu," akasema, "na nimeshakinunulia mayai. Yakiharibika, sina pa kuanzia tena. Naomba mnielewe hapo."

"Tumekuelewa, mama," mzee akasema.

Tulitengeneza bodi mbili. Ya kwanza tuliiweka mezani kuijaribu, na mzee akaamua ibaki hapo iwe kielelezo kwa wateja wengine. Ya pili ikawa ya mama. Zote zilitoka kwenye mchoro mmoja, filamu zilezile, mkono wangu uleule. Kipuri cha kuhisi joto kinaiambia transista, transista inavuta rilei, yaani swichi yenye sumaku ndani yake, na rilei inawasha taa. Tofauti ilikuwa moja tu, na hatukuiona kuwa tofauti: transista ya bodi ya kwanza ilitoka kwenye kopo la zamani la mzee, ya pili ilitoka kwenye pakiti mpya iliyoletwa kutoka Dar. Siku hizo vipuri vilikuwa vimeanza kumiminika, kila mfanyabiashara anakwenda Dubai anarudi na begi. Jina lililochapwa kwenye transista zote mbili lilikuwa moja, herufi kwa herufi.

Mama akachukua bodi yake. Akapanga mayai.

Hazikupita siku nyingi akarudi, khanga ameifunga kichwani kwa ajili ya vumbi, na safari hii kiti alikikubali.

"Mashine yenu inafanya kazi mchana. Jioni inagoma."

"Inagoma vipi, mama?"

"Inalia, haiwaki."

Mzee alifikiri kidogo. "Labda sanduku lina upenyo. Baridi inaingia."

"Upenyo wa sanduku unazima taa?"

Mimi sikumwamini mama pia. Nilidhani jioni ana wageni, anafungua mlango wa sanduku kuwaonyesha mayai, joto linatoka, analaumu bodi. Nikapanda baiskeli nikamfuata Mkonze ili nimwonyeshe kosa lake kwa adabu.

Alasiri ile kila kitu kilikuwa kama kitabu. Nilifungua mlango wa sanduku, hewa ya baridi ikaingia, rilei ikasema ta, taa zikawaka. Nikafunga, joto likapanda, ta, zikazima. Nikarudia. Nikamgeukia mama nikiwa na uso wa mtu aliyekwishashinda.

"Subiri," akasema. "Chai ipo."

Nikasubiri. Jua likazama, watu wa mtaa wakawasha taa na majiko yao, na ilikuwa wakati wa kikao cha Bunge, mji umejaa wageni. Balbu ya sebuleni ikabadilika polepole mpaka ikawa rangi ya chai niliyokuwa nakunywa. Nikaenda kufungua sanduku tena. Rilei ikatoa mlio wa nyuki aliyefungiwa ndani ya kiberiti. Taa zikamemeteka mara moja, zikafa.

Mama alitoka nje, akaleta chungu cha makaa yaliyokwisha moshi, akakiweka karibu na sanduku, akalifunika sanduku blanketi mbili. Ilionekana ameshafanya hivyo siku kadhaa. Kisha akatoa yai moja, akaliweka juu ya mdomo wa tochi, akaniita. Ndani ya ganda kulikuwa na mishipa myekundu kama ramani ya barabara, na doa jeusi lililotikisika.

"Huyu yupo," akasema. Akalirudisha haraka. "Sasa wewe si umesoma? Niambie."

"Umeme umepungua, mama."

"Umeme unapungua kila jioni tangu nihamie hapa. Ndiyo sababu nilikuja kwa watu wanaotengeneza vilinda friji."

Nilirudi mjini gizani nikiendesha baiskeli vibaya, nikijaribu kuelewa kifaa kinachojua saa.

Asubuhi nilimsimulia mzee. Alikuwa na transfoma moja kubwa yenye kirungu cha kuzungusha, unaweza kupunguza umeme kidogokidogo na kutengeneza jioni yako mwenyewe saa tatu asubuhi. Tulifunga bodi ya kielelezo. Umeme ukashuka, ukashuka, rilei bado ikivuta kwa nguvu. Kisha tukafunga bodi nyingine niliyotengeneza haraka asubuhi ileile kwa vipuri vya pakiti mpya, ili tusiiondoe ya mama kwenye mayai. Umeme kamili, ta. Tulipoushusha kidogo tu, nyuki akaanza kulia.

Tulihamishia rilei ya kila bodi kwenye nyingine. Nyuki akabaki kulekule. Tulipima njia za shaba, zote nzima. Nikaishika ile filamu ya bega. Nikawaza: nimeilaza kinyume. Filamu ya eksirei haina mbele wala nyuma, ukiipindua mifupa inabaki mifupa. Nikaipindua kushoto kwenda kulia, na unyayo ukabaki uleule, matundu matatu na nusu duara. Kwa hiyo filamu haikuwa na kosa, wala haikuwa na ushahidi. Nikawaza tena: kitabu kinachora kipuri kikitazamwa kutoka juu, na shaba iko chini ya bodi, kwa hiyo kushoto ya kitabu ni kulia ya shaba. Lakini hilo nilikuwa nimelihesabu tangu mwanzo. Au nililihesabu mara mbili? Nilitoka nje nikasimama uani nikiwa nimeshika transista kwa miguu yake, nikaigeuza, kisha nikageuka mimi, kisha nikaigeuza tena. Mpakiaji wa magodoro aliacha mzigo akanitazama.

"Mhandisi, umepoteza Kibla?"

Nilimjibu kwamba sijui. Ndilo jibu pekee la kweli nililotoa siku ile.

Mita yetu ilikuwa na vitundu vya kupimia transista. Ukiipachika sawasawa, mita inaonyesha namba kubwa, maana yake inakuza umeme vizuri. Ukiipachika kinyume, namba inakuwa ndogo sana. Nilichukua ya kopo la zamani, nikaipachika kama kitabu kinavyosema. Namba kubwa. Nikachukua ya pakiti mpya, upande bapa uleule, jina lilelile. Namba ndogo. Nikaigeuza mpya, mgongo kwa uso. Namba kubwa, kubwa hata kuliko ya kopo.

Nilirudia kwa nyingine, na nyingine, mpaka mzee akaja kusimama nyuma yangu.

"Hizo ni feki," akasema.

"Feki inayokuza kuliko halisi?"

Akanawa mikono. Akafungua kitabu, akavaa miwani, akafuata mstari kwa kidole.

"Kitabu kinasema hivi."

"Na hii inasema vile, mzee."

"Kitabu kina kurasa mia tisa. Hiyo ina herufi nne."

"Lakini mayai yako chini ya hii."

Alikaa. Kitabu alikiacha wazi mapajani, hakukisoma. Mwisho akanieleza, kwa sauti ya chini, kwa nini kifaa kilikuwa kinajua saa. Transista iliyogeuzwa haifi. Inafanya kazi, lakini kama mtu anayetembea kinyumenyume: anafika, ila hawezi kubeba mzigo. Mchana, umeme ukiwa na nguvu, iliweza kuivuta rilei kwa shida. Jioni ilishindwa.

Nilidhani nitafurahi. Tangu nifike pale nilikuwa nikisubiri kitabu kile kikosee. Lakini hakikuwa kimekosea. Zile za kopo zilikuwa kama kinavyosema, kabisa. Kiwanda kimoja kiliamua hivi, kingine kikaamua vile, wote wakachapa jina lilelile, na hakuna aliyekuwa anadanganya. Nilikuwa na hoja tayari kwa ajili ya uongo. Kwa ajili ya kweli mbili zinazotazamana sikuwa na hoja yoyote.

"Twende Mkonze," mzee akasema. "Jua lisitutangulie."

Mama alituona tunateremka kwenye baiskeli na sanduku la zana, akajua.

"Mnazima?"

"Kidogo tu, shemeji," mzee akasema. Alikuwa ameanza kumwita hivyo kwa sababu mke wake pia alikuwa mtu wa Kondoa.

"Kidogo yenu naijua." Akaleta makaa kabla hatujachomoa waya.

Tuliitoa bodi ukutani mwa sanduku, tukaiweka juu ya sinia lililopinduliwa. Pasi ya kulehemu ilichelewa kupata moto, kwa sababu umeme wenyewe ulikuwa umeanza kulegea. Nilipoyeyusha risasi kwenye mguu wa kwanza wa transista, duara la shaba likabanduka pamoja nao, jembamba kama ngozi ya kitunguu. Mama alikuwa amepiga magoti mbele ya sanduku, kiganja chake ndani, juu ya mayai, kama anayepima homa ya mtoto.

"Yanapoa," akasema.

"Lete," mzee akasema. Akachukua uzi mmoja wa waya, akaurefusha kutoka mguuni mpaka kwenye njia ya shaba, akaulehemu. Mimi nikaipachika transista mpya mgongo kwa uso. Ilikaa imelipa kisogo lile nusu duara nililokuwa nimelichora kwa uangalifu, na kwa macho yangu ilionekana ni kosa tupu.

Tukarudisha bodi. Balbu ya sebuleni ilikuwa imeshafikia rangi ya chai. Rilei ikasema ta. Taa za sanduku zikawaka, hafifu, lakini zikawaka na kubaki.

Mama hakutoa kiganja chake mara moja.

Kesho yake mzee alitaka nikate filamu mpya ya transista, upande bapa uelekee upande wa pili.

"Na zile zilizobaki kwenye kopo?" nikauliza. "Nazo zitakuwa kinyume."

"Tutaandika kwenye kopo."

"Na pakiti itakayokuja baada ya hii?"

Akanitazama kwa hasira, kisha hasira ikamtoka. Nikapendekeza nichore duara kamili, lisilo na upande bapa, na kuandika herufi ya kila mguu kando ya tundu lake. Mfungaji apime kwanza kila transista, kisha aiweke inavyotaka yenyewe.

"Huo ni unyayo wa mwoga," mzee akasema. "Mchoro kazi yake ni kusema."

"Huu unasema tusichokijua."

Hakunikubalia wala hakunikataza. Niliukata, juu ya goti la mtu, na mpaka leo sijui kama ulikuwa uhandisi au kunawa mikono. Kila nilipoutumia nilihisi nimemwachia mtu mwingine uamuzi ambao ulikuwa wangu.

Mama alikuja mwenyewe kuniita mayai yalipoanza kutoboka. Nilikuta chumba kina joto na harufu ya manyoya mabichi. Ndani ya sanduku vifaranga vilikuwa vikiyumba kama walevi, vingine vimebeba kipande cha ganda mgongoni. Si mayai yote yaliyoanguliwa. Yale ambayo hayakutikisika aliyatenga kwenye ungo, moja moja, bila kuyatupa kwa hasira. Lakini vilivyokuwepo vilitosha. Watu wa kijiji cha Haneti walikuwa wameshamwekea oda, na alikuwa na pa kuanzia tena. Alinieleza hivyo huku akikausha kimoja kwa pindo la khanga.

"Sasa niambie, mwanangu. Kilikuwa kitu gani?"

"Transista ilikuwa imegeuka, mama."

"Nani aliigeuza?"

Nilifikiria kiwanda cha kwanza na kiwanda cha pili. Nikamfikiria mfanyabiashara na begi lake, mzee na kitabu chake, mimi na sindano yangu.

"Hakuna aliyeigeuza."

"Ilijigeuza?"

"Hapana. Ilikuja hivyo."

Alilipima jibu langu kama alivyokuwa akiyapima mayai kwa tochi.

"Basi inaweza kuja hivyo tena."

"Inaweza."

"Na nataka sanduku la pili."

"Tutakutengenezea, mama. Tutaipima transista kabla."

"Mtapima mchana," akasema. "Mimi sitapanga yai hata moja mpaka uje ukae hapa jioni ya kwanza. Uone kwa macho yako. Chai nitapika."

Nilimwambia hakuna haja, transfoma ya mzee inaweza kutengeneza jioni wakati wowote. Alinisikiliza mpaka mwisho kwa heshima, akasema basi nije jioni.

Nikaenda. Sanduku la pili lilikuwa tupu, linanukia mbao mbichi. Tulikaa kwenye mkeka, vifaranga vikipiga kelele chumba cha pili, tukisubiri mtaa uwashe majiko. Nilikuwa nimeipima transista ile mara nyingi kuliko inavyohitajika, na bado balbu ilipoanza kufifia nilifungua mlango wa sanduku nimetega sikio. Ta, rilei ikasema, na taa zikawaka.

Mama hakuzitazama taa. Alikuwa ananitazama mimi.

"Na wewe hukuwa na hakika," akasema, akainuka kwenda kuleta mayai.